Njoo Kabla Hujaoga: Kazi ya Muuguzi wa Sayansi Jinai

Malalamiko kuhusu huduma kwa wahanga wa ukatili yanaongezeka, na mengi yanafanana. Huyu anauliza kwa nini nguo za mtoto wake zimechukuliwa na hazijarudi. Yule anadai muuguzi "aligoma kuandika kwamba amebakwa". Mwingine alishauriwa aende polisi kwanza, akafika hospitali siku ya pili, ameshaoga na nguo zimeshafuliwa. Yote yana majibu.

Muuguzi wa sayansi jinai ni muuguzi kamili aliyeongezewa mafunzo ya kutambua majeraha ya ukatili, kuyaandika na kutunza vielelezo kwa namna ambayo mahakama itavipokea. Fani hii si mchezo wa juzi. Huko Marekani wauguzi walianza kuwachunguza waliobakwa kwa utaratibu maalumu katika miaka ya 1970, na chama chao cha kimataifa kiliundwa mwaka 1992. Wagonjwa wake ni pamoja na aliyechomwa kisu, aliyepigwa risasi, mzee aliyetelekezwa, na hata mtuhumiwa aliyeletwa na pingu mikononi.

Matibabu hutangulia. Dawa za kukinga maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza faida yake. Dawa za dharura za kuzuia mimba mwisho wake ni saa 120. Dawa hizi hazipaswi kungoja jalada lifunguliwe polisi.

Kabla ya kufika usioge, usipige mswaki, usichane nywele, usibadili nguo. Ukishuku uliwekewa dawa kwenye kinywaji na umebanwa na mkojo, kinga kwenye chombo safi uje nao, kwa sababu baadhi ya dawa hizo hupotea mkojoni ndani ya nusu siku tu. Na kama umeshaoga, njoo hivyo hivyo. Tumeshangaa mara nyingi kusikia mtu alibaki nyumbani kwa kuwa "ushahidi umeshaisha". Majeraha hayaondoki kwa sabuni, wala hatari ya maambukizi.

Uchunguzi wenyewe huenda hivi. Sakafuni hutandikwa karatasi mbili, moja juu ya nyingine. Mgonjwa husimama juu yake na kuvua nguo moja moja. Ya chini inazuia uchafu wa sakafu. Ya juu inadaka unywele, nyuzi na chembe za udongo, kisha inakunjwa na kuhifadhiwa pamoja na vilivyomo. Kila nguo huingia kwenye mfuko wake wa karatasi. Kamwe si wa plastiki: plastiki hufungia unyevu, na ukungu na bakteria huharibu vinasaba. Mfuko hufungwa kwa utepe, na muuguzi husaini sahihi yake ikianzia kwenye utepe na kuishia kwenye mfuko, pamoja na tarehe na saa. Akimkabidhi askari, wote wawili husaini. Askari akipeleka maabara, husainiwa tena. Sahihi moja ikikosekana, wakili wa utetezi amepata hoja nzito ya kupinga kielelezo. Ndiyo maana muuguzi hatakuruhusu "uchungulie kidogo tu" kilichomo.

Ukiona shati la majeruhi limekatwa kwa mzunguko wa ajabu, usilalamike. Mkasi haupitishwi kwenye tundu la kisu wala la risasi, kwa kuwa tundu hilo nalo ni kielelezo.

Kuhusu neno "amebakwa": huo ni uamuzi wa mahakama. Muuguzi huandika maneno ya mgonjwa kama yalivyotamkwa, hupima jeraha, hulipiga picha likiwa na rula pembeni, kisha hueleza kama linaendana na maelezo aliyopewa. Asipoona jeraha haina maana kwamba hakuna kilichotokea. Waliobakwa wengi hawana jeraha lolote linaloonekana. Naomba pia wazazi waache kutuletea mabinti "wapimwe bikira". Kipimo hicho hakipo kisayansi, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka kikomeshwe. Tumelisema hili hadi tumechoka.

Aliyekabwa koo afike hata kama shingo haina alama. Sauti kukwaruza, kumeza kwa shida au vidoa vyekundu kwenye macho ni dalili nzito, na mshipa wa shingo uliochanika ndani unaweza kuleta kiharusi siku kadhaa baadaye.

Muuguzi huyu si askari. Mgonjwa ambaye ni mtu mzima ana haki ya kukataa hatua yoyote ya uchunguzi na bado akatibiwa. Kwa mtoto mambo ni tofauti: sheria za nchi nyingi humlazimu muuguzi kutoa taarifa, hata familia ikisema imeshayamaliza. Kufua au kuchoma nguo makusudi ili kumlinda ndugu ni kuharibu ushahidi, na adhabu yake inaweza kuwa kifungo. Muuguzi naye akibadili kumbukumbu hushtakiwa na anaweza kufutiwa leseni. Akipuuza wito wa mahakama anaweza kukamatwa.

Nguo zilizochukuliwa hukaa hadi kesi iishe, pamoja na rufaa kama ipo, na maombi ya kuzirudisha hupelekwa mahakamani, si wodini. Anayemsindikiza mgonjwa abebe nguo nyingine za kubadilisha, na viatu.