Mjomba kanenepa, basi figo imekubali?

Msimu wa korosho uliopita mjomba alirudi Newala akiwa amepandikizwa figo ya mdogo wake. Mashavu yamejaa, shingo imenenepa, na kila aliyepita uani alimsifu: "Umenawiri, mjomba! Figo imekubali." Ilikuwa imekubali kweli, ila mashavu hayakuwa ushahidi. Yalikuwa kazi ya prednisoloni, dawa ya jamii ya stiroidi ya kuzuia mwili usiikatae figo, anayoimeza kila asubuhi baada ya uji. Huongeza hamu ya kula, na hulundika mafuta usoni na nyuma ya shingo. Figo iliyokubali hujulikana kwa vipimo vya damu, hasa kreatinini, taka ya mwili ambayo figo nzima huichuja.

Baadaye tukamkuta anakata kidonge kwa wembe ili ajipunguzie dozi. Sisi Wamakonde mjomba ndiye mwenye kauli, kwa hiyo kumwambia "hapana" kulihitaji kikao.

Hoja yake ya kwanza: mwili umeshaizoea figo, dawa za nini tena? Haujaizoea. Kinga ya mwili huitambua kuwa ni ya mgeni hata baada ya miaka 10. Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa, Boston mwaka 1954, haukuhitaji dawa hizi kwa sababu mtoaji na mpokeaji walikuwa mapacha wa kufanana. Mdogo wake mjomba, hata wakifanana sauti, si pacha wake.

Ya pili: wapo walioachishwa stiroidi, kwa nini yeye asiache? Hapa ana nusu ya ukweli. Madaktari wenyewe hawaipendi dawa hii kwa kiwango kikubwa, maana hupandisha sukari na presha, hudhoofisha mifupa na huleta mtoto wa jicho. Ndiyo maana huanza na mamia ya miligramu kwenye mshipa wakati wa upasuaji, kisha huishusha kwa wiki na miezi, mara nyingi hadi miligramu 5 hivi kwa siku. Wengine huachishwa kabisa ndani ya wiki ya kwanza. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2009 unaruhusu hilo kwa mgonjwa ambaye hatari yake ya kuikataa figo ni ndogo, na aliyepewa dawa kali ya kufubaza kinga mwanzoni. Hata hao, vipindi vya mwili kuikataa figo huwapata zaidi kuliko wanaoendelea na dawa. Kuiacha miezi mingi baadaye, kwa uamuzi wa mtu na wembe wake, ni jambo jingine kabisa. Na mwili ukianza kuikataa figo, tiba ya kwanza kwa kawaida ni stiroidi hizohizo, miligramu 250 hadi 500 kwa siku kwenye mshipa, siku tatu au zaidi. Aliyekimbia 5 anatundikiwa 500.

Hoja iliyonitisha zaidi ni kwamba kuacha ghafla ni sawa na kuacha Panadol. Juu ya figo za kuzaliwa kuna tezi ndogo, adrenali, zinazotengeneza stiroidi ya mwili wenyewe. Ukimeza ya kidonge kwa muda mrefu, tezi hizo hulala, na ukiacha leo haziamki kesho. Mtu huishiwa nguvu, hutapika, presha na sukari hushuka, na anaweza kufa. Na kwa kuwa tezi zilizolala haziwezi kumwongezea stiroidi mwili unapoihitaji zaidi, mjomba akipata malaria kali au ajali huenda akahitaji kuongezewa dozi. Akitapika vidonge, asisubiri basi la Dar es Salaam. Aende Ligula, Ndanda au hospitali iliyo karibu, na aseme mlangoni kabisa kwamba amepandikizwa figo na anatumia prednisoloni, ili wajue kama anahitaji sindano.

Wapwa wadogo walidhani ni zile stiroidi za wanyanyua vyuma. Sizo. Na shangazi aliamini ikipunguzwa, sukari itaondoka. Inaweza kushuka, lakini takrolimasi, dawa yake nyingine, nayo hupandisha sukari. (Hiyo ndiyo iliyompiga marufuku balungi, kwa sababu tunda hilo huizidisha dawa kwenye damu.)

Mjomba aliupeleka wembe wake kliniki kama swali. Vipimo vikaangaliwa, dozi ikashushwa taratibu hadi miligramu 5, na ikabaki hapo. Mashavu yamepungua. Sasa majirani wanapita uani wakinong'ona: "Masikini, kakonda. Figo imekataa."