Je, wajua kwa nini tanini huhamishia nitrojeni ya ng'ombe kwenye kinyesi?

Ukakasi unaokausha ulimi mtu anapotafuna tunda bichi hutokana na tanini, yaani kemikali za mimea, kushikana na protini za mate. Kwa kuwa tanini huishika pia protini ya chakula, wengi huamini kwamba humnyima mnyama lishe, hivyo mmea ulio nayo haufai kulishwa. Kwa kuku na nguruwe hofu hiyo ina msingi. Kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo inasahau kwamba chakula chao hupita kwanza kwa bakteria wa rumeni, yaani tumbo la kwanza.

Bakteria hao huivunja protini, ambayo ndiyo hubeba nitrojeni ya chakula, hadi ikawa amonia, kisha huitumia amonia kujijengea protini yao, ambayo mnyama huimeng'enya baadaye. Malisho mabichi ya jamii ya kunde huvunjika upesi mno, kwa hiyo amonia inayozidi huingia kwenye damu, ini huigeuza kuwa urea, na sehemu kubwa ya urea hiyo hutoka na mkojo. Ng'ombe aliyeshiba protini anaweza basi kuipoteza kwa wingi pasipo tanini yoyote.

Katika rumeni, ambako pH, yaani kipimo cha asidi, huwa kati ya 6 na 7, tanini hushikana na protini kama kamba inayofunga kifurushi, bakteria wakashindwa kukifungua. Kifurushi hicho kikifika tumbo la nne, ambako asidi hushusha pH chini ya 3.5, fundo hulegea na protini hubaki kwa mnyama mwenyewe. Fundo lililokazwa mno halifunguki hata huko, na hapo ndipo nitrojeni huongezeka kwenye kinyesi. Ongezeko hilo peke yake si dalili ya hasara, kwa sababu mara nyingi nitrojeni ya mkojo hupungua kwa wakati huohuo. Tena urea ya mkojo hugeuka upesi kuwa gesi ya amonia, ilhali nitrojeni ya kinyesi hutoka polepole na kurutubisha udongo.

Kiasi na aina ya tanini ndivyo vinavyoamua. Lotus corniculatus, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, umesaidia kondoo tanini yake ilipokuwa takriban asilimia 2 hadi 4 ya chakula kikavu, lakini ikizidi 5 mnyama kwa kawaida hupunguza kula. Tanini za mwaloni ni za kundi jingine, nazo zinaweza kuharibu figo. Na pale malisho yanapokuwa na protini haba, bakteria wenyewe hukosa amonia, hivyo tanini ileile huwa mzigo.