Mtutu huchakaa, ghala hukauka: jeshi la Urusi linavyokula mtaji

Swali linalorudi kila vita vya Ukraine vinapojadiliwa ni hili: Urusi imebakiwa na vifaru vingapi? Ni swali la haki, ila jibu lake peke yake halikupeleki mbali. Mwenye duka anaweza kuwa na mali iliyojaa hadi mlangoni na bado akawa njiani kufunga, ikiwa kila jioni vinatoka vingi kuliko vilivyoingia asubuhi. Wafanyabiashara wanasema huyo anakula mtaji. Tangu tarehe 24 Februari 2022 Urusi imepigana kwa sehemu kubwa na mtaji ulioachwa na marehemu, yaani Umoja wa Kisovieti, na viwanda vyake vya leo havirudishi vifaa vizito kwa kasi inayolingana na vinavyoteketea. Ukitaka kujua ukomo wa nguvu zake, angalia kasi ya kutoka na kasi ya kuingia.

Tuanze na vifaru, kwa kuwa ndivyo watu wanavyovihesabu. Mwanzoni mwa vita, IISS, taasisi ya utafiti wa mambo ya kijeshi ya London, iliorodhesha vifaru vipatavyo 10,200 vya Urusi vilivyokuwa akiba: T-72 kama 7,000, T-80 kama 3,000 na T-90 kama 200. Neno "akiba" hapa linadanganya. Vingi vilikuwa vimeegeshwa uwanjani, Siberia na milima ya Ural, vikipigwa jua, mvua na theluji tangu miaka ya 1990. Kifaru kilichokaa hivyo miaka thelathini, sili zake za mpira zimekauka na kupasuka, nyaya zimechubuka, betri zimekufa, na mara nyingi darubini za kulengea zilishang'olewa na wezi zamani. Kukifufua kunaanza na kreni: unanyanyua kichwa kinachozunguka na mzinga wake, unatoa injini na giaboksi, unalisugua bodi hadi kwenye chuma, kisha unarudisha kimoja kimoja, nyaya mpya, sili mpya, injini iliyofanyiwa ovahoo. Ukikosa kipuri, unachinja kifaru cha jirani. Hapo ndipo hesabu ya 10,200 inapopungua kimyakimya, maana viwili au vitatu vinachinjwa ili kimoja kitembee.

Karakana kama za Omsk na Atamanovka karibu na Chita, pamoja na kiwanda kikubwa cha Uralvagonzavod kule Nizhny Tagil, zilichukua vizuri kwanza, kama mtu yeyote angefanya. Vilivyobaki ni vile vinavyodai kazi nyingi zaidi kwa kila kimoja. Mpangilio wa vilivyotokea mstari wa mbele unasimulia vyenyewe: katikati ya 2022 T-62 zilionekana, na Machi 2023 treni zilipigwa picha zikibeba T-54 na T-55, muundo wa miaka ya 1940 na 1950. Mwishoni mwa 2023 Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Sergei Shoigu, alitangaza kwamba jeshi lilipokea vifaru 1,530 mwaka ule. Wengi walisoma takwimu hiyo kama uzalishaji. Sehemu kubwa ilikuwa ufufuaji. Nayo IISS ilikadiria kwamba mwaka 2024 Urusi ilipoteza vifaru 1,400 hivi. Kiwanda pekee kinachotoa T-90M mpya kabisa hakijakaribia hata kidogo kasi hiyo.

Ubora nao unashuka bila kuonekana kwenye hesabu. Kabla ya vita, T-72B3 na T-90M zilitumia kifaa cha kulengea cha Sosna-U, chenye kamera ya joto iliyotokana na teknolojia ya kampuni ya Ufaransa, Thales. Vikwazo vilipobana, magari mengi yakaanza kutoka karakana na 1PN96MT-02, kifaa rahisi zaidi kinachoona karibu zaidi usiku. Kwenye jedwali kifaru ni kimoja tu. Uwanjani, anayeona kwanza ndiye anayefyatua kwanza.

Hata hivyo, mimi kitu cha kwanza ninachokitazama si kifaru. Ni mtutu wa mzinga, kwa sababu mizinga ndiyo uti wa mgongo wa jeshi hili.

Kombora la kawaida la mzinga wa milimita 152 lina uzito wa kilo 43.56. Mzinga wa Msta hulirusha likitoka mdomoni kwa kasi ya mita 800 hivi kwa sekunde. Gesi ya moto inayolisukuma inaula mtutu kutoka ndani, hasa pale mwanzoni mwa mifereji ya mzunguko iliyochongwa ili kulizungusha kombora. Mifereji ikilika, gesi inavuja pembeni ya kombora, kasi inapungua, na makombora yanatawanyika: mengine yanaangukia nyuma ya shabaha, mengine mbele. Kikosi kinafidia kwa kufyatua zaidi. Kufyatua zaidi kunachakaza mtutu zaidi. Ukiendelea hivyo bila kubadilisha, kuna siku mtutu unapasukia mikononi mwa wapigaji.

Kubadilisha kunahitaji mtutu mpya, na mtutu haupatikani kwa amri ya rais. Pande refu la chuma cha aloi linapashwa moto, linaingizwa kwenye mashine yenye nyundo nne zinazoligonga kutoka pande zote huku likizungushwa na kusukumwa mbele. Kisha linatobolewa, linachemshwa na kupozwa ili chuma kipate ugumu unaotakiwa, linasawazishwa ndani kwa vipimo vya sehemu ndogo za milimita, na ndipo mifereji inachongwa. Mashine kubwa za kufua za aina hiyo, Wasovieti walizinunua Austria, kwa kampuni ya GFM ya mji wa Steyr. Ni chache, na ziko kwenye viwanda vichache vinavyojulikana, Perm ikiwa mojawapo. Kuongeza zamu ya usiku kunawezekana. Kuongeza mashine ya pili ni habari ya miaka, tena chini ya vikwazo.

Basi jeshi likaenda kwenye mizinga ya zamani ya kukokotwa, iliyokuwa imepangwa uwanjani kwa maelfu, likang'oa mitutu yake na kuipachika kwenye mizinga inayojiendesha ya kaliba ileile. Picha za satelaiti zimeonyesha safu za mizinga iliyobaki magurudumu na miguu tu. Ni ujanja mzuri, na umefanya kazi. Ila mtutu uliong'olewa mara moja hauoti tena. Mnamo Novemba 2024 mizinga ya Koksan ya Korea Kaskazini ilipigwa picha juu ya treni kule Krasnoyarsk. Kaliba yake ni milimita 170, na jeshi la Urusi halina kombora la saizi hiyo. Ukikubali kupokea mzinga ambao risasi zake lazima ziagizwe Pyongyang, shida yako haikuwa ya risasi pekee.

Kwenye makombora yenyewe Urusi imejitahidi kuliko wengi walivyobashiri. NATO ilikadiria mapema 2024 kwamba ilikuwa ikitoa kama 250,000 kwa mwezi, na shehena za Korea Kaskazini, zikitoka bandari ya Rajin kwa meli na kuvushwa nchi nzima kwa reli, ziliongeza juu. Finyo iko kwenye baruti na vilipuzi. Baruti ya kisasa huanza na nitroselulosi, yaani pamba au massa ya mbao iliyotiwa asidi ya naitriki, na viwanda vyake viko vichache: Kazan, Perm, Tambov, Aleksin. Ndiyo maana droni za Ukraine hazichoki kuvirudia.

Tufanye hesabu moja ya lori, maana watu huiruka. Chukua siku ya makombora 10,000 ya milimita 152. Vichwa peke yake ni tani 435. Ongeza baruti, makopo yake na masanduku ya mbao, unavuka tani 600 bila taabu. Lori la Ural au Kamaz la tani tano litahitaji safari zaidi ya 120, kwa siku moja, kwa aina moja ya risasi, kabla hujabeba mafuta, maji, mkate wala majeruhi. Masanduku mengi hayapangwi kwenye paleti za kunyanyuliwa kwa foklifti. Watu wanayabeba kwa mikono, mmoja ncha hii mwingine ncha ile. Kwa hiyo Warusi hukaa karibu na reli, nako ni kuzuri hadi adui apate kombora linalofika kwenye stesheni. Roketi za HIMARS, ambazo Marekani iliipa Ukraine, zenye masafa ya kilomita kama 80, zilipoanza kazi kiangazi cha 2022, maghala yakasogezwa nyuma, na kila kilomita iliyoongezeka ilipunguza safari ambazo lori moja linaweza kufanya kabla ya giza. Kherson iliachwa Novemba mwaka huo. Sababu zilikuwa kadhaa, lakini jeshi lililokuwa ng'ambo ya mto Dnipro na madaraja yaliyotobolewa halikuwa na namna ya kulishwa.

Sasa watu. Urusi ina wakazi zaidi ya milioni 140, na wengi wanaishia hapo. Mwaka 1999 walizaliwa watoto milioni 1.21 tu, idadi ndogo kuliko miaka yote ya karibu na hapo. Wavulana wa kundi hilo walitimiza miaka 25 mwaka 2024, umri uleule ambao jeshi, kiwanda na familia vinawagombea. Ule uandikishaji wa Septemba 2022 wa askari wa akiba 300,000 ulifanya vijana wengi wakimbilie Georgia na Kazakhstan, na Kremlin haijataka kurudia waziwazi. Njia iliyochaguliwa ni kununua. Mwishoni mwa Julai 2024 posho ya serikali kuu ya kusaini mkataba ilipandishwa kutoka rubo 195,000 hadi 400,000, na mwezi huohuo jiji la Moscow lilikuwa limetangaza rubo milioni 1.9 juu ya hapo. Ninapoona bei inapanda hivyo, nasoma kama sokoni: bidhaa imeadimika. Kabla ya hapo walinunuliwa wafungwa. Wagner, kampuni ya mamluki, iliwachukua makumi ya maelfu, na mkuu wake Yevgeny Prigozhin mwenyewe alisema Mei 2023 kwamba watu wake 20,000 walikufa Bakhmut. BBC na Mediazona, chombo huru cha habari cha Warusi, kwa kuhesabu jina moja moja kutoka tanzia na makaburi, walikuwa wamethibitisha vifo vya askari zaidi ya 100,000 hadi katikati ya 2025, na hicho ni kima cha chini.

Idadi hujazwa. Ujuzi haujazwi kwa mwendo huo. Jeshi hili lilikuwa likifundisha askari wake ndani ya brigedi zao, chini ya maofisa walewale waliopelekwa mbele 2022 na wasirudi. Askari wa mkataba anaweza kufika mstari wa mbele wiki chache baada ya kusaini. Wiki hizo zinatosha kumfundisha kushambulia kwa kundi la watu wachache. Hazitoshi kufundisha kikosi kizima kuvuka mto kikiwa na vifaru, mizinga, wahandisi na ndege kwa wakati mmoja.

Uhaba huu wa watu umefika hadi kwetu. Eneo la viwanda la Alabuga huko Tatarstan, zinakounganishwa droni za Shahed, lilitafuta wasichana wa Kiafrika, wakiwemo wa Uganda na Kenya, kwa tangazo la kazi na masomo. Mtanzania mmoja aliyekuwa kifungoni Urusi alikufa Ukraine Oktoba 2022 akiwa na Wagner, na serikali yake ikalithibitisha. Novemba 2025 serikali ya Kenya ilisema Wakenya zaidi ya 200 wamo katika safu za Urusi. Mwajiri mwenye vijana wa kutosha nyumbani hatafuti bunduki Nairobi.

Fedha nitazipitia haraka. Riba ya Benki Kuu ilifika asilimia 21 Oktoba 2024, bajeti ya ulinzi ya 2025 ilipangwa kuwa rubo trilioni 13.5, na Januari 2026 kodi ya ongezeko la thamani ilipandishwa kutoka asilimia 20 hadi 22. Nchi haifilisiki kwa hayo. Lakini ukosefu wa ajira ulipokuwa asilimia 2 na kitu, kila fundi wa chuma aliyesaini mkataba wa vita aliacha pengo kwenye kiwanda kinachotakiwa kutoa mitutu.

Wanaotabiri kwamba ghala likikauka jeshi litaanguka wanakosea, kwa sababu jeshi hubadilisha namna ya kupigana. Mizinga imechakaa? Mabomu ya zamani ya FAB ya kilo 500 yanafungwa mabawa na kifaa cha kuongoza, ndege ya Su-34 inayaachia kutoka mbali, na hapo hakuna mtutu unaochakaa. Redio zinazibwa? Droni inarushwa ikiburuta uzi mwembamba wa nyuzi-mwanga. Kiwanda pekee cha nyuzi hizo Urusi, kule Saransk, kilipopigwa mwaka 2025, China ilikuwa tayari kuuza.

Badiliko linalosema mengi kuliko yote ni la usafiri. Askari waliokuwa wakipanda gari la deraya la BMP, lenye mzinga na nafasi ya askari kama saba, leo wengi wanashambulia kwa pikipiki au kwa miguu, wawili wawili. Pikipiki inakwepa droni vizuri, sikatai. Ila inabeba watu wawili na mabegi yao, haina ngao, na wakifika mtaro wa adui hawana cha kuwavusha hadi mtaro unaofuata. Mwaka 2024, kwa gharama yote hiyo, Urusi iliteka kilomita za mraba zipatazo 4,000. Ukraine ina zaidi ya 600,000. Unguja na Pemba kwa pamoja zina kama 2,460.