Venice kwa miguu: tunayoambiwa kuhusu kutembezwa, na mambo yalivyo

Shangazi yangu alipokuja kutoka Tanga kunitembelea hapa Mestre, Italia, upande wa bara, dakika kumi hivi kwa treni kutoka Venice yenyewe, alikataa kabisa habari ya kumlipa mtu atutembeze. "Nimlipe mtu anioneshe nyumba, na macho ninayo?" Sikumlaumu. Miaka yangu ya mwanzo hapa nilisema hivyohivyo. Mwishowe tulimchukua mwongozaji kwa saa mbili na nusu, watu watano wa familia moja, na tangu hapo nimeshawapeleka wageni wengi. Maneno ninayoyasikia kabla ya kutoka nyumbani hayabadiliki.

"Hiyo ni anasa ya wenye nazo"

Wengi hudhani bei ni ya kila kichwa, kama nauli ya basi. Mwongozaji binafsi kwa kawaida hulipwa kwa kikundi na kwa saa, muwe wawili au sita. Mkiwa wawili, kweli inauma. Mkiwa watano mnachanga na mambo yanakwenda. Ajabu ni kwamba wanaoiogopa bei hiyo hupanda gondola, ile mashua nyembamba ya kasia, bila kusita: bei rasmi ya manispaa ni euro 90 kwa nusu saa ya mchana na 110 ikiingia usiku, kwa chombo kizima, na mpiga kasia halazimiki kukueleza chochote. Mwongozaji wetu aliposikia Shangazi anataka kuonja tu namna gondola inavyokwenda, alitupeleka kwenye traghetto, kivuko cha makasia kinachovusha watu Grand Canal, mfereji mkuu wa mji, kwa euro 2. Safari ya dakika mbili. Shangazi alishuka upande wa pili akasema hiki ni kivuko cha Pangani, ila kimevishwa suti.

Bakshishi si lazima Italia. Ukiridhika unatoa, usiporidhika hakuna atakayekununia.

Jambo la kuangalia ni kitambulisho. Kuongoza watalii Italia ni taaluma ya mtihani na leseni, na sheria iliyopitishwa Desemba 2023 imeiweka chini ya mtihani mmoja wa taifa. Lakini mapapasi hawakosekani. Zamani nilimpa pesa kijana mmoja tuliyekutana naye karibu na stesheni. "Ziara" yake ilituvusha madaraja matatu na kuishia ndani ya duka la vioo, na yeye akabaki mlangoni akisubiri kamisheni. Siku hizi naomba kuona kadi kwanza. Mwenye kadi haoni tabu kuitoa.

"Ramani ya simu inatosha"

Venice imejengwa juu ya visiwa zaidi ya 100 vilivyoungwa kwa madaraja zaidi ya 400. Imegawanywa mitaa mikubwa sita, kila mmoja ukiitwa sestiere, na nambari za nyumba hazifuati kichochoro: zinafuata sestiere nzima. Ule wa Castello unaanza na 1 na kuzunguka hadi kupita 6,000. Kwa hiyo mtu akikwambia anakaa Castello 3,400 na kitu, hajakwambia lolote. Majina ya njia yameandikwa ukutani ndani ya mistatili myeupe ambayo wenyeji huiita nizioleti, yaani vishuka, na kwa kweli vinafanana na shuka zilizoanikwa. Njia nyembamba ni calle. Inayofuata ukingo wa mfereji ni fondamenta. Rio terà ulikuwa mfereji, ukafukiwa. Viwanja vingi huitwa campo, konde, kwa sababu zamani vilikuwa na majani. Piazza ni moja tu, ya San Marco.

Aliyezoea vichochoro vya Mji Mkongwe au vya Lamu hatababaika sana hapa. Miguu inaijua hali hii: ukuta, kona, ukuta, halafu ghafla anga. Kupotea Venice ni raha, mimi mwenyewe hupotea kwa makusudi. Ila si ukiwa na mama wa miaka 68 mwenye magoti mabovu na treni ya saa kumi na dakika arobaini.

Na ramani haikuonyeshi unachokikanyaga. Tulisimama katikati ya campo moja, penye kisima cha jiwe kilichochongwa, kimefunikwa kwa chuma. Watu wanapiga picha na kupita. Mwongozaji akatuambia tutazame chini, si kwenye kisima. Tukaona mawe manne yenye matundu, yamekizunguka, na sakafu ya uwanja ikiinamia kwenye mawe hayo. Kumbe hakikuwa kisima cha kuchimba hadi kwenye chemchemi. Mji umezungukwa na maji ya chumvi, chemchemi itoke wapi? Uwanja wote uliinamishwa ili mvua iingie kwenye yale matundu, ichujwe na mchanga chini ya ardhi, ndani ya shimo lililokandikwa udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji, kisha ipatikane safi katikati. Watu walikunywa hivyo hadi mwaka 1884, mabomba yalipoleta maji kutoka bara. Shangazi alikuwa ameshainama anayapapasa matundu kwa kidole. "Birika," akasema. "Hili ni birika la mvua. Kwetu tulikuwa nalo uani." Ikabidi nimtafsirie mwongozaji, naye akaanza kuuliza maswali yeye: lilikandikwa kwa kitu gani, lilisafishwa mara ngapi, nani alikuwa na ruhusa ya kuteka. Dakika kumi na tano zikapita pale, juu ya mawe manne. Kwenye kundi la watu 25 tungekuwa tumeshasukumwa mbele.

"Mji unazama, nunua mabuti"

Mtu wa pwani asitishwe na hili. Wanachokiita acqua alta ni bamvua. Maji yanajaa, yanakaa saa chache, yanapwa. Huwa makubwa zaidi kuanzia vuli hadi katikati ya kipupwe chao, hasa upepo wa kusini-mashariki ukiyasukuma maji ya Bahari ya Adria yaelekee kaskazini, yakakosa pa kutokea. Yamewahi kuua na kuharibu: tarehe 4 Novemba 1966 yalifika sentimita 194, na 12 Novemba 2019 sentimita 187. Lakini tangu Oktoba 2020 kuna MOSE, milango ya chuma iliyolala chini ya bahari kwenye midomo ya wangwa, ambayo huinuliwa bamvua kubwa likitabiriwa. Hata uwanja wa San Marco, sehemu ya chini kabisa ya mji, haujai maji kila siku. Mwongozaji huangalia jedwali la maji asubuhi kama mvuvi, akapanga njia kulingana nalo.

Dada wa dhana hiyo ni ile ya nguzo: eti miti iliyoshikilia mji imegeuka mawe. Haijageuka. Imezama kwenye tope lisilo na hewa, na kuvu wa kuozesha mbao hawaishi bila hewa. Inaliwa polepole mno na bakteria, basi. Chini ya kanisa la Santa Maria della Salute peke yake inasemwa kuna nguzo zaidi ya milioni moja. Wajenzi wetu walikata mikoko wakaiweka darini kama boriti, hawa wakaisimamisha misonobari na mialoni yao chini ya nyumba.

"Hao kazi yao ni kuongeza chumvi"

Wapo. Lakini nimeona mwongozaji mzuri anatoa chumvi iliyotiwa na wengine.

Chukua Daraja la Kushusha Pumzi, Ponte dei Sospiri. Wageni huambiwa ni daraja la wapendanao. Lilijengwa karibu mwaka 1600 kuunganisha Kasri la Doge, mtawala wa Venice ya zamani, na jela mpya. Waliolivuka walikuwa washtakiwa. Au mnara wa kengele wa San Marco, ambao kila mtu huupiga picha kama kitu cha kale: mnara wa zamani ulianguka wote asubuhi ya 14 Julai 1902, huu umejengwa upya na kufunguliwa 1912, mahali palepale na kwa sura ileile. Hakufa mtu. Alikufa paka wa mlinzi. Na wale farasi wanne wa shaba juu ya mlango wa basilika, kanisa la San Marco, yaani Mtakatifu Marko, ni nakala. Wenyewe wako ndani, na waliibwa Konstantinopoli, Istanbul ya leo, mwaka 1204, kisha Napoleon akawaibia Waveneti mwaka 1797, wakarudishwa 1815. Shangazi akataka kujua kwa nini hawakurudishwa kwa mwenyewe wa kwanza. Mwongozaji alicheka, hakujibu.

Juu ya mnara wa saa uwanjani hapo kuna wanaume wawili wa shaba wanaogonga kengele. Wanaitwa Mori, Wamori, jina la zamani la Ulaya kwa watu weusi, na mgeni mweusi huambiwa haraka, "tazama, Waafrika!" Walitengenezwa mwaka 1497 bila nia hiyo, ni shaba iliyopigwa na hewa ikawa nyeusi, na jina likafuata rangi.

"Ukiwa naye unapita popote bila foleni"

Si kweli. Tiketi iliyokatwa mapema inakuokoa na foleni ya tiketi, ila ukaguzi wa usalama ni wa wote. Basilikani mabega na magoti yafunikwe, na begi kubwa haliingii. Shangazi na mtandio wake alipita bila neno. Mimi na kaptula yangu nilirudishwa kununua kitambaa. Wanaokuja kwa siku moja bila kulala mjini hutozwa ada ya kuingia katika siku zilizotangazwa, utaratibu ulioanza 25 Aprili 2024 kwa euro 5, na mwongozaji hakulipii. Makundi makubwa yamebanwa pia: mwisho watu 25, vipaza sauti marufuku.

"Madaraja yote hayo, wazee hawawezi"

Madaraja mengi yana ngazi, ndiyo. Lakini mwambie mwongozaji mapema. Wetu alituchorea njia yenye madaraja manne tu, sehemu nyingine tukapanda boti ya abiria, na kila nusu saa akatukalisha. Kahawa tulikunywa wima kaunta, kwenye mkahawa wa kichochoroni. Ukikaa kiti uwanjani San Marco unalipia na muziki.

"Ni historia yao, sisi hatumo"

Hii ndiyo niliyoiamini zaidi mimi.

Kwenye uso wa basilika, upande wa kulia, kuna michoro ya vijiwe inayosimulia jinsi mwili wa Mtakatifu Marko ulivyochukuliwa Alexandria, Misri, mwaka 828. Masimulizi yao wenyewe yanasema wafanyabiashara wawili wa Venice waliuficha chini ya nyama ya nguruwe, na maofisa wa forodha Waislamu wakageuza nyuso kwa kichefuchefu. Wamechorwa pale, mkono puani. Shangazi, hajati mara mbili, alicheka hadi akaegemea nguzo. Akasema wizi ni wizi ila huu una akili.

Kisha nikaomba tumalizie Gallerie dell'Accademia, jumba la makumbusho ya picha, kwa picha moja. Vittore Carpaccio, mchoraji wa Venice, aliichora karibu mwaka 1496: daraja la Rialto likiwa bado la mbao, miaka mia moja hivi kabla ya hili la mawe lililokamilika 1591. Mfereji umejaa gondola. Mbele kabisa, anayepiga kasia ni mtu mweusi, kijana, amevalia nadhifu, ameinamia kazi yake. Waafrika walikuwepo mjini wakati huo, watumwa na walioachwa huru, na upigaji kasia ulikuwa mojawapo ya kazi zao. Nilikuwa nimeshapita mbele ya picha ile mara mbili peke yangu nisimwone.

"Anaitwa nani?" Shangazi akauliza.

"Sijui, mama," mwongozaji akasema. "Jina lake halikuandikwa."

Muda tuliolipia ulikuwa umekwisha. Tukiwa njiani kurudi kituo cha boti tulipita dirisha la duka la shanga, na mwongozaji akasema tu kwa kupita kwamba shanga za vioo za hapa zilikwenda mbali sana, hata Afrika. Shangazi akasimama. Karne ya 19 misafara iliyoanzia Zanzibar na Bagamoyo ilibeba shanga za Venice kama fedha ya kununulia chakula na pembe njiani, na kila aina ilikuwa na jina lake. Nyekundu zile zikiitwa samisami, Shangazi akasema. Bibi yake alikuwa na ushanga mmoja wa samisami, aliurithi, hakujua ulitoka wapi.

Mwongozaji akatoa kijitabu mkobani, akamwomba alitaje jina hilo tena polepole. Shangazi akamtajia silabi kwa silabi, sa-mi-sa-mi, akamsahihisha mara moja. Treni ya saa kumi na dakika arobaini tuliikosa.