Mtu Tusiyemjua Katika Picha Kuukuu: Dhana Potofu na Ukweli

Picha hii niliikuta ndani ya kitabu cha mtumba nilichonunua kandokando ya barabara ya Tom Mboya. Mwanamke amesimama mbele ya pazia lililochorwa bustani, saa mkononi, na viatu vimemzidi hata kidole kingepenya kisiginoni. Kila niliyemwonyesha alikuwa na jibu tayari.

"Haina rangi, basi ni ya ukoloni." Studio za Nairobi ziliendelea kupiga picha nyeusi na nyeupe miaka mingi baada ya uhuru wa 1963, hasa zile za vitambulisho. Afadhali kutazama mandhari: picha inayoonyesha KICC, lile jumba refu la mikutano la Nairobi lililokamilika 1973, haiwezi kutangulia ujenzi wake. Jumba lisipoonekana, hilo halithibitishi lolote, kwa maana huenda mpiga picha aligeukia upande mwingine.

"Alikuwa na uwezo." Studio ziliwaazima wateja koti, tai na saa. Kile kisigino ndicho kilichonitia shaka.

"Nenda Nyaraka za Taifa, utampata." Jengo lile la barabara ya Moi limehifadhi hasa majalada ya serikali, nayo serikali iliandika habari za watu iliotaka kuwadhibiti au kuwatoza kodi. Kipande, yaani hati ya utambulisho ya enzi ya ukoloni iliyoanza kutolewa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kiliwabana wanaume Waafrika kuanzia miaka 16, nacho kilikuwa na alama za vidole na kumbukumbu za waajiri. Wanawake walianza kuandikishwa kwa ajili ya vitambulisho baada ya sheria kurekebishwa mwaka 1978, kwa hiyo anayemtafuta mwanamke wa miaka ya nyuma katika orodha hizo atarudi mikono mitupu, akidhani kosa ni lake. Mwanamke huyo yaelekea zaidi kupatikana katika daftari za kanisa za ubatizo na ndoa, au katika matangazo ya mirathi ya Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo limekuwa likichapishwa tangu 1899. Lakini huko kote ni lazima uende na jina.

"Intaneti itamtambua." Programu hulinganisha uso na picha zilizokwisha kuwekwa mtandaoni; picha iliyokaa sandukuni maisha yake yote haina ya kulinganishwa nayo.

"Jina la nyuma ni lake." Hapa ndipo wengi hupotea. Picha zilitolewa ziwe ukumbusho, na aliyeandikwa nyuma mara nyingi ni mpokeaji. Yangu imeandikwa kwa wino wa buluu "Kwa dada mpendwa", kisha jina. Basi huyo dada ndiye wa kutafutwa kwanza, kwa kuwa ndiye aliyemjua. Chini yake pana muhuri wa studio wenye nambari ya sanduku la posta, ambayo katika vitabu vya zamani vya anwani yaweza kuonyesha miaka ambayo studio ilifanya kazi. Tarakimu ya mwisho imefifia. Ukiinamisha karatasi kwenye mwanga wa dirisha, yasomeka 4, au labda 9.