Homstedi ni nini? Si nyumba, wala si kijiji

Ukisoma historia za wilaya za Nebraska, Kansas au Dakota, utakutana na neno homstedi karibu kila ukurasa. Wengi hudhani ni nyumba ya kale ya mkulima, na Wamarekani wa leo wenyewe hulitumia hivyo mara nyingi. Kwa anayefuatilia makazi ya walowezi wa mwanzo, homstedi ni kitu kingine kabisa: ni dai la kisheria juu ya kipande cha ardhi ya serikali, lenye tarehe ya kufunguliwa, masharti ya kutimizwa, na hatimiliki mwishoni. Mtu aliweza kukaa miaka minne kwenye homstedi yake, akajenga, akalima, akachimba kisima, na bado ardhi ikawa si yake.

Sheria ya Homstedi ya Marekani ilitiwa saini na Rais Abraham Lincoln tarehe 20 Mei 1862 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1863. Mwombaji alitakiwa awe na umri wa miaka 21 au awe mkuu wa familia, awe raia au awe ametangaza rasmi nia ya kuwa raia, na asiwe amewahi kubeba silaha dhidi ya Marekani. Sharti hili la mwisho liliwalenga waasi wa Kusini, maana vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vinaendelea. Sheria haikubagua kati ya mwanamume na mwanamke, hivyo wajane na wanawake wasioolewa walidai ardhi kwa majina yao. Mke aliye na mume, kwa kawaida, hakuhesabiwa kuwa mkuu wa familia.

Aliyekubaliwa alipewa hadi ekari 160, yaani karibu hekta 65. Ada ilikuwa dola 10 za kufungua dai, dola 2 za kamisheni, na dola 6 wakati wa kukamilisha. Ndiyo maana ilisemwa ardhi ilitolewa bure. Lakini maksai, plau, mbegu, waya wa seng'enge na chakula cha kumfikisha mtu kwenye mavuno ya kwanza havikuwa bure, na wengi waliishiwa hapohapo.

Ekari 160 zinatokana na namna ardhi ilivyopimwa. Wapima ardhi walitembea na mnyororo wa futi 66. Minyororo 80 ni maili moja. Waligawa nchi katika miraba ya maili 6 kwa maili 6, inayoitwa taunishipu, na kila taunishipu ikagawanywa katika miraba 36 ya maili moja moja, inayoitwa seksheni. Seksheni moja ina ekari 640. Robo yake ni 160. Namba za seksheni huanzia kona ya kaskazini-mashariki, huenda magharibi hadi 6, kisha 7 hukaa chini ya 6 na hesabu hurudi mashariki, kama maksai wa plau wanavyogeuza wakifika mwisho wa shamba. Anayedhani kila mstari unaanza upande uleule ataitafuta seksheni 7 maili 5 mbali na ilipo. Kosa hili huharibu utafiti kuliko lolote lingine ninaloweza kulitaja.

Chukua dai maarufu kuliko yote, lile lililosajiliwa kuwa namba 1: la Daniel Freeman, karibu na Beatrice, Nebraska. Hati inalitaja kuwa ni nusu ya kusini ya robo ya kaskazini-magharibi, pamoja na robo ya kaskazini-mashariki ya robo hiyohiyo, pamoja na robo ya kusini-magharibi ya robo ya kaskazini-mashariki, katika seksheni 26, taunishipu 4 kaskazini, safu 5 mashariki, yaani taunishipu ya nne kaskazini ya mstari wa msingi wa upimaji, katika safu ya tano mashariki ya mstari mkuu wa kaskazini-kusini. Maneno hayo yanachosha, ila yakichorwa kwenye karatasi yanasema mengi. Kipande cha kwanza ni ekari 80, viwili vinavyofuata ni 40 kila kimoja, jumla 160. Umbo lake ni herufi T iliyopinduliwa, si mraba. Sababu ni kijito cha Cub Creek: katika nchi ya nyasi tupu, mwenye akili alichagua kwanza maji na miti, halafu umbo la shamba lifuate. Mstari wa msingi wa upimaji huo ni mpaka wa Nebraska na Kansas, kwa hiyo bila ramani yoyote unaweza kuhesabu kwamba dai hilo liko kati ya maili 19 na 20 kaskazini mwa mpaka.

Baada ya kufungua dai, mlowezi alipaswa kuhamia na kukaa hapo miaka 5, akijenga na kulima. Kisha alikuwa na muda wa miaka 2 mingine wa kupeleka ushahidi wa mwisho katika ofisi ya ardhi, pamoja na mashahidi wawili. Ushahidi huo ndio hazina ya mwanahistoria. Wa Freeman, wa Januari 1868, unataja nyumba ya futi 14 kwa 20, sehemu magogo na sehemu mbao, yenye milango miwili na madirisha mawili. Takriban ekari 35 zilizolimwa. Banda la kondoo la futi 100. Miti 40 ya matofaa na karibu 400 ya pichi. Hatimiliki ilitoka mwaka 1869. Tangu 1879 sheria ilidai pia tangazo gazetini kabla ya ushahidi, likitaja majina ya mashahidi. Majina hayo kwa kawaida ni majirani, hivyo magazeti ya zamani yatakuonyesha nani alipakana na nani.

Freeman alikuwa na magogo. Mbali na mito hayakuwepo, na nyumba ilijengwa kwa ardhi yenyewe. Plau maalumu ilikata mkanda wa nyasi na mizizi wenye upana wa futi 1 hivi na unene wa inchi 4, nao ukakatwakatwa kwa sepetu kuwa vipande vya futi 2 au 3. Udongo ulitakiwa kuwa na unyevu, na vilikatwa vya kutosha kazi ya siku hiyo tu, maana tofali la nyasi likikauka hupukutika. Vilipangwa nyasi zikitazama chini, viungo vikipishana, na kila baada ya tabaka kadhaa moja likalazwa kukingama ili kufunga ukuta. Juu ya fremu ya dirisha iliachwa nafasi na kuzibwa kwa matambara, kwa sababu ukuta hutitia. Asiyeacha nafasi hiyo alivunjiwa vioo. Tatizo kubwa lilikuwa paa. Mwamba, mapao na fito vikifunikwa udongo huvuja, na mvua ikikatika nje, ndani tope liliendelea kudondoka. Walitundika kitambaa chini ya dari kuzuia vumbi, wadudu, na mara nyingine nyoka.

Ujanja nao ulikuwepo, na unaonekana kwenye majalada. Shahidi aliapa kwamba nyumba ni "12 kwa 14" bila kutaja futi, na kumbe ilikuwa ya inchi, kama ya kuchezea watoto. Vibanda vyenye magurudumu vilivutwa kutoka dai hadi dai. Njia halali ya mkato ilikuwa kununua: baada ya miezi 6 (ikawa 14 kuanzia 1891) mlowezi aliweza kulipa dola 1.25 kwa ekari, yaani dola 200 kwa ekari 160, akapata hati mapema. Kwa hiyo hati yenyewe haitoshi kuthibitisha kwamba mtu aliishi hapo miaka 5. Tazama kwanza kama ilipatikana kwa kukaa au kwa fedha.

Kosa la sheria lilikuwa kupima nchi yote kwa kipimo kimoja. Ekari 160 zilitosha kwenye mvua. Magharibi ya longitudo 100, ambako mvua kwa kawaida hupungua chini ya inchi 20 kwa mwaka, zilikuwa nyingi mno kumwagilia na chache mno kuchungia. John Wesley Powell, mwanajiolojia aliyechunguza nchi za Magharibi kwa ajili ya serikali, aliliandika hilo mwaka 1878, akipendekeza ekari 80 kwa shamba la umwagiliaji na 2,560 kwa la malisho. Bunge lilifika ekari 320 mwaka 1909, na 640 za ufugaji mwaka 1916.

Sasa swali la nani hasa alikuwa "mlowezi wa kwanza". Sehemu kubwa ya ardhi ya kusini-mashariki mwa Nebraska iliachiwa serikali na Wa-Otoe na Wa-Missouria, makabila ya wenyeji wa huko, kwa mkataba wa 1854, miaka 9 tu kabla ya dai la Freeman, nao wakabakiwa na eneo dogo kwenye mto Big Blue kabla ya kuhamishiwa Oklahoma. Historia ya wilaya inayoanza na dai namba 1 imeanza katikati. Hata miongoni mwa walowezi, jina lililo kwenye hatimiliki huenda ni la mtu wa pili au wa tatu kudai kipande hicho. Faharasa ya hatimiliki huonyesha waliofaulu tu. Waliokata tamaa wamo kwenye vitabu vya ofisi ya ardhi vilivyopangwa kwa seksheni, na majalada ya madai yaliyofutwa yamehifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa pamoja na yale yaliyokamilika. Tafuta kwa seksheni, taunishipu na safu, si kwa jina la ukoo.