Bakteria wana kazi gani katika pumu ya ngozi?

Mzazi anayemwona mwanawe akijikuna usiku kucha, mpaka shuka linapata madoa ya damu, huuliza kwanza: ni mdudu gani huyu? Ana haki ya kuuliza. Mdudu kweli yupo, na ana jina. Ila hakuuleta ugonjwa peke yake, na ndiyo maana dawa ya kumuua tu mara nyingi haimtoshi mgonjwa.

Pumu ya ngozi ni aina moja ya ukurutu. Ngozi hukauka, huwasha na kutoa vipele kwa vipindi: inatulia wiki kadhaa, kisha inalipuka tena. Kwa mtoto mchanga huanzia mashavuni. Akikua kidogo huhamia kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Vitabu vingi huzungumzia wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri. Utakachoona ni rangi iliyokolea kuelekea kijivu au zambarau, vipele vidogovidogo kwenye vinyweleo, na baadaye mabaka yaliyopauka. Ugonjwa huu hauambukizi. Mtoto mwenye nao hana sababu ya kutengwa darasani wala kunyimwa kulala na wenzake.

Ngozi ya kila mtu ina bakteria, na wengi wao ni wakazi wa amani. Mmoja wa wakazi hao, Staphylococcus epidermidis, hata husaidia kuwazuia wavamizi. Aureus, ndugu yake, ni wa tabia nyingine. Staphylococcus aureus ndiye anayesababisha majipu mengi. Watu wapatao 3 kati ya 10 wenye afya humbeba puani bila kujua, lakini kwenye ngozi iliyo nzima hapati makao kirahisi. Kwa wenye pumu ya ngozi mambo ni tofauti. Mwaka 2016 watafiti walikusanya matokeo ya tafiti nyingi wakakuta kwamba takribani asilimia 70 ya wagonjwa walikuwa na aureus kwenye sehemu zenye vipele, na asilimia 39 walikuwa naye hata kwenye sehemu zilizoonekana salama.

Anapataje nafasi? Tabaka la juu la ngozi limepangwa kama paa la makuti, kuti juu ya kuti. Likichakaa, maji ya mwili yanapotea na vitu vya nje vinapenya. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Scotland, waligundua kwamba baadhi ya wagonjwa wamerithi hitilafu kwenye jeni ya filagrini, protini inayosaidia kulijenga tabaka hilo na kutunza unyevu wake. Kwa watu wa asili ya Kiafrika hitilafu hizo hupatikana kwa nadra zaidi, na bado ugonjwa upo, kwa hiyo ngozi huweza kudhoofika kwa njia nyingine pia. Ngozi iliyodhoofika hupoteza uchachu wake wa kawaida, na aureus hustawi vizuri zaidi uchachu unapopungua. Juu ya hayo, kinga ya mgonjwa hutoa kwa wingi kemikali mbili, intalukini ya 4 na ya 13, ambazo hupunguza viuabakteria ambavyo ngozi hujitengenezea yenyewe. Yaani kinga ileile iliyoghadhibika inamfungulia mlango mgeni.

Akishaingia, hakai kimya. Hutoa vimeng'enya vinavyozidi kuikata ngozi, na sumu zinazoamsha seli za kinga kundi zima badala ya zile chache zinazohusika. Sumu yake nyingine huzichochea seli zinazohifadhi histamini, kemikali inayoleta muwasho, ziimwage. Mwaka 2023 watafiti wa Harvard walionyesha kwa panya jambo ambalo binafsi naliona la uzito mkubwa: kimeng'enya kimoja cha aureus huigusa mishipa ya fahamu moja kwa moja na kuleta muwasho, bila kupitia kwenye kinga kwanza. Kwa hiyo anayemwambia mtoto "acha kujikuna" anamtaka mtoto huyo ashindane na kemikali iliyo kwenye neva zake. Naye akijikuna, ngozi inachubuka, aureus anaongezeka, muwasho unazidi.

Nani alitangulia, bakteria au ugonjwa? Ushahidi unavuta pande zote mbili. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2012 uliwafuatilia watoto ukaona kwamba ugonjwa unapolipuka, aureus anatawala na aina nyingine za bakteria zinapungua. Matibabu yakifanya kazi, mchanganyiko wa kawaida unarudi. Uswisi nako, watoto wachanga kadhaa walikutwa na aureus kwenye ngozi kabla vipele havijatokea. Lakini iko dawa ya sindano iitwayo dupilumab, inayozuia kazi ya zile intalukini mbili. Haiui bakteria yeyote, na bado mgonjwa akiitumia aureus hupungua. Kwangu hilo linaonyesha wazi kwamba aureus ni mchochezi anayetegemea moto uliokwisha kuwashwa.

Hapo ndipo ilipo hasara ya krimu za mchanganyiko zinazouzwa kiholela madukani: steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho), dawa ya fangasi na antibaiotiki ndani ya tyubu moja. Mgonjwa hupata nafuu kwa sababu ya steroidi, akadhani kilichomponya ni kuua wadudu, akaendelea kupaka miezi mingi mpaka ngozi ikawa nyembamba na bakteria wakajifunza usugu. Uingereza, watoto 113 wenye ukurutu ulioonekana kuwa na maambukizi, wengi wao wa kiwango kidogo, walipewa krimu ya steroidi. Baadhi wakaongezewa antibaiotiki ya kunywa au ya kupaka. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 hayakuonyesha faida ya maana kwa walioongezewa.

Kinachompunguza aureus siku zote ni kuitengeneza ngozi: mafuta ya mgando mara tu baada ya kuoga ngozi ikiwa na unyevu, sabuni isiyo kali, na steroidi ya kiwango alichochagua daktari kwa muda aliousema. Antibaiotiki ina nafasi yake pale maambukizi yanapokuwa dhahiri: usaha, vigaga vya rangi ya asali, ngozi kuwa ya moto na kuuma, homa. Wataalamu wa ngozi si wengi katika kanda yetu, ingawa kituo cha mafunzo kilichoanzishwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, mwaka 1992 kimewafundisha waganga wa ngozi waliorudi kufanya kazi katika nchi mbalimbali za Afrika. Ukielekezwa kwa mmoja wao, nenda.

Na kuna hali moja isiyongoja miadi. Vikitokea ghafla vidonda vingi vidogo vya duara, vinavyofanana kama vimetobolewa, vyenye maumivu na homa, huyo si bakteria bali ni kirusi cha hepesi kilichopenya kwenye ngozi dhaifu. Mtoto apelekwe hospitali siku hiyohiyo.